Mwalimu Hutoa Nafasi, Mtihani Hutoa Kimo

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya shule yatangazwapo, maneno hayakosi kuwa mengi maofisini na majumbani mwetu. Huyu asema mwanawe alikuwa wa kwanza darasani miaka yote, na sasa amepitwa na mtoto aliyekuwa wa tano. Yule asema shule fulani huwapa watoto wake alama za bure. Wa tatu asema yote ni hila za wasahihishaji. Kelele zikiisha hakuna aliyeongezewa maarifa, na mwaka wa pili mabishano huanza upya palepale yalipoachwa. Sisi twaona si vema kwa watu wa kalamu na daftari, kama tulivyo sisi watumishi wa serikali, kubishana siku zote juu ya hesabu tusiyojitaabisha kuijua. Kwa hiyo twataka kueleza jinsi alama zitolewazo na shule zinavyolinganishwa na alama za mtihani wa mwisho, kisha tutoe rai yetu juu ya haki iliyomo katika kazi hiyo, na dhuluma iwezayo kumpata mtoto ikifanywa vibaya.

Yafaa kwanza tujiulize: kwa nini alama za shule zihesabiwe kabisa? Je, mtihani hautoshi? Jibu ni kwamba mtoto ana mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni mwalimu wake. Huyu amemwona siku nyingi, katika afya na katika ugonjwa, katika maswali mepesi na katika kazi ngumu zitakazo juma zima. Amjua vema, lakini awajua watoto wa darasa lake tu. Hajui walio katika shule ya wilaya nyingine. Shahidi wa pili ni mtihani. Huu humwona mtoto kwa saa chache tu, pengine siku aliyoamka na homa. Lakini huwatazama watoto wote wa nchi kwa jicho moja, kwa maswali yale yale na saa zile zile. Shahidi wa kwanza ajua mengi juu ya wachache. Wa pili ajua machache juu ya wengi. Kumsikiliza mmoja na kumfukuza mwingine ni kuhukumu kesi kwa ushahidi nusu.

Shida huanza tunapotaka kuziweka pamoja kauli za mashahidi hao. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Alama 80 ya shule hii si alama 80 ya shule ile. Mwalimu mmoja hutunga maswali magumu na kusahihisha kwa mkono mzito. Mwingine ni mwepesi wa kusifu. Wote wawili huenda ni watu waaminifu, wala hakuna aliyekusudia kudanganya.

Jambo hili si geni kwetu. Mkuu wa idara moja ni mkarimu wa sifa, na kila karani kwake ni “hodari sana.” Mkuu wa idara ya pili ni mkavu wa maneno, na aliye hodari kupita wote huandikwa “kazi yake yaridhisha.” Taarifa hizo mbili ziwekwapo mezani mbele ya wale wachaguao wa kupandishwa cheo, aliyedhulumiwa ni nani? Ni karani mwema wa mkuu mkavu. Hakukosa kazi, alikosa msifu. Lakini tuangalie sana: wakuu wale wawili, ijapokuwa vipimo vyao ni mbalimbali, kila mmoja aweza kutuambia kwa hakika katika idara yake nani amtangulia nani. Hilo ndilo neno la kushika. Maneno ya mkuu hayawezi kupimwa nje ya idara yake, lakini mpango wake wa nafasi waweza kuaminiwa ndani yake.

Watu wa jimbo la New South Wales, katika nchi ya Australia, wamejenga utaratibu wao wote juu ya neno hilo. Twautaja kwa sababu kanuni yao imeandikwa wazi, na kila mzazi atakaye aweza kuisoma. Watoto wamalizao darasa la 12 katika jimbo lile hupewa cheti kiitwacho Higher School Certificate, na kila mwaka watahiniwa ni zaidi ya 70,000. Katika kila somo, nusu ya alama ya mtoto yatoka katika mtihani wa mwisho, na nusu yatoka katika kazi alizopimwa shuleni. Lakini alama ya shule haiingizwi jinsi ilivyotoka mkononi mwa mwalimu. Kwanza hulinganishwa na mtihani, na kazi hiyo husimamiwa na mamlaka ya elimu ya jimbo.

Kanuni yao ni hii. Huchukuliwa watoto wote wa shule moja katika somo moja. Alama ya shule ya yule aliyewekwa wa kwanza na mwalimu hufanywa kuwa sawa na alama kubwa kuliko zote iliyopatikana katika mtihani na mtoto yeyote wa kundi lile. Ya yule wa mwisho, iwezekanapo, hufanywa kuwa sawa na alama ndogo kuliko zote iliyopatikana na kundi lile katika mtihani. Tena wastani wa alama za shule wa kundi zima hufanywa sawa na wastani wao wa mtihani. Walio katikati husogezwa kwa hesabu moja isiyobagua mtu, hata nafasi zao zibaki vilevile alivyozipanga mwalimu, na umbali kati ya mtoto na mtoto usipotee. Aliyekaribiana na mwenziwe hubaki karibu naye. Aliyeachwa mbali hubaki mbali.

Maneno matupu hayatoshi, tufanye mfano. Tuseme darasa lina watoto watano, nao mwalimu amewapa alama 90, 80, 70, 60 na 50. Jumla yake ni 350, na wastani wake ni 70. Katika mtihani wa mwisho watoto hao, kwa kuufuata mpango ule ule, wakapata 75, 80, 58, 62 na 45. Jumla yake ni 320, na wastani ni 64. Twaona mambo mawili. Kwanza, mwalimu alikuwa mkarimu kidogo, maana wastani wake wapita ule wa mtihani kwa alama 6. Pili, mtihani haukukubaliana naye katika nafasi zote: wa pili amempita wa kwanza, na wa nne amempita wa tatu.

Sasa tulinganishe. Alama za shule zitakuwa hivi:

Mtoto wa kwanza: kutoka 90 hadi 80.
Mtoto wa pili: kutoka 80 hadi 73.5.
Mtoto wa tatu: kutoka 70 hadi 65.5.
Mtoto wa nne: kutoka 60 hadi 56.
Mtoto wa tano: kutoka 50 hadi 45.

Msomaji akizijumlisha ataona zafika 320, sawasawa na jumla ya mtihani. Kisha kila mtoto huchukua alama yake hiyo na alama aliyoipata mwenyewe katika mtihani, zikagawanywa kwa mbili. Wa kwanza atapata 77.5, wa pili 76.75, wa tatu 61.75, wa nne 59, na wa tano 45. (Baada ya hapo zipo hatua za kuzikadiria alama na kuzipanga katika madaraja, lakini kiini cha jambo ni hiki.)

Katika mfano huo yamo mafunzo ambayo yangefaa kubandikwa katika mlango wa kila shule.

Fundisho la kwanza: ukarimu wa mwalimu hauna faida. Kama angewapa wote alama 20 zaidi, wastani wao baada ya kulinganishwa ungekuwa ule ule 64, na wa kwanza angebaki na 80. Vivyo hivyo ukali wake haudhuru. Mwalimu mkavu na mwalimu mwepesi wamekuwa sawa mbele ya kanuni. Basi wale wasemao kwamba shule fulani “hupika” alama za watoto wake, na wajue kwamba palipo na kulinganisha mapishi hayo hayashibishi mtu.

Fundisho la pili: alama za mtihani za darasa zima ni kama mavuno ya shamba la ushirika yaliyotiwa katika ghala moja. Jumla yake imekwisha kujulikana. Mwalimu hawezi kuongeza hata kibaba kimoja. Kazi yake ni kugawa. Kwa hiyo mtoto amfichaye mwenziwe daftari lake ili mwenziwe aanguke, ajipunguzia ghala analotaka kulia. Ushindani wa nafasi upo, hatukatai. Lakini darasa zima likifanya vizuri katika mtihani, kila mmoja hupandishwa, na likifanya vibaya kila mmoja huonja uchungu.

Fundisho la tatu ndilo zito kuliko yote: kosa la mwalimu katika kupanga nafasi halisahihishwi na kanuni. Tumwangalie tena yule mtoto wa pili. Mtihani ulimpa 80, naye alikuwa bora kupita wote. Lakini alama hiyo 80, katika nusu ya shule, ilikwenda kwa yule aliyewekwa wa kwanza na mwalimu. Yeye akapata 73.5. Ikiwa mwalimu aliwapanga kwa haki, hapana dhuluma, maana katika kazi za miezi mingi yule alimtangulia kweli, na nusu ya pili ya mtihani imempa huyu kilicho chake. Lakini ikiwa mwalimu aliwapanga kwa upendeleo, au kwa uvivu, au kwa daftari lisilotunzwa, basi amemnyang’anya mtoto mmoja na kumpa mwingine, wala hakuna hesabu itakayolifichua jambo hilo. Uwezo wa mwalimu umepunguzwa mahali pamoja, ukaongezwa mahali pengine. Hawezi tena kuinua shule yake. Bado aweza kumwonea mtoto mmoja.

Watu wa New South Wales waliliona hilo, wakaweka nguzo kadhaa za kulizuia. Kazi za kupimwa katika mwaka wa mwisho zisizidi 4 katika kila somo, na katika hizo mtihani rasmi wa kuandika uwe mmoja tu, ili mwanafunzi asipimwe kila juma hata akachoka na mwalimu asizidiwe na masahihisho. Uzito wa kila kazi hutangazwa mapema. Mitihani ikiisha, mwanafunzi aweza kujua nafasi aliyopangiwa na shule, na akiiona si sawa aweza kuomba hesabu yake itazamwe upya: je, shule ilifuata utaratibu ilioutangaza? Na aliyepatwa na ugonjwa au msiba siku ya mtihani ana njia ya kuomba, na alama yake ya shule iliyokwisha kulinganishwa yaweza kumtetea. Hapo shahidi wa kwanza amsaidia mtoto ambaye shahidi wa pili alimwona siku mbaya.

Wapo wasemao, “Je, mtoto mwerevu aliyeko katika darasa dhaifu hataburutwa chini na wenziwe?” Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba akiwa wa kwanza shuleni na wa kwanza katika mtihani, alama yake ya shule itakuwa ile ile aliyoipata mwenyewe katika mtihani, hata kama wenziwe wote wamebaki nyuma sana. Yeye hawezi kuburutwa. Awezaye kuumia ni yule wa katikati, hasa mwalimu asipoangalia umbali baina ya mtoto na mtoto. Kwa hiyo mwalimu asidhani kazi yake ni kuandika wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi. Imempasa aseme pia wa pili yu nyuma ya wa kwanza kwa hatua ngapi. Lakini hata huyo wa katikati ana nusu nzima iliyo yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake katika chumba cha mtihani, wala hakuna awezaye kuigusa.

Nguzo hiyo ya mwisho, kwamba mtoto awe na karatasi yake mwenyewe, huonekana ndogo mpaka itakapoondolewa. Iliondolewa Uingereza na Scotland katika mwaka 2020, na yaliyotokea yafaa kukumbukwa na kila nchi ipimayo watoto. Mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mitihani ya mwisho ilifutwa. Walimu wakaombwa kutoa daraja waliloona mtoto angelipata. Uingereza wakaombwa tena kuwapanga watoto wao wa kila somo kwa nafasi, toka wa kwanza hata wa mwisho. Mpaka hapo hapana neno. Lakini kulinganisha hutaka kitu cha kulinganishia, na mtihani haukuwapo. Basi Ofqual, mamlaka isimamiayo mitihani ya Uingereza, ikachukua matokeo ya miaka iliyopita ya kila shule, pamoja na maendeleo ya nyuma ya watoto wenyewe, ikatengeneza kanuni ya hesabu. Orodha ya nafasi ya mwalimu ikalazwa juu ya umbo la matokeo ya wale waliotangulia. Shule ambayo miaka ya nyuma haikuwahi kutoa daraja la juu katika somo fulani, mtoto wake wa kwanza ilikuwa vigumu kupewa daraja hilo, hata angekuwa na akili namna gani.

Scotland matokeo yalitangazwa tarehe 4 Agosti 2020, na madaraja zaidi ya 124,000 yalikuwa yameshushwa chini ya yale waliyotoa walimu. Katika mtihani wao uitwao Higher, watoto wa mitaa maskini kuliko yote walipunguziwa kiwango cha kufaulu kwa alama 15.2 katika kila 100, na wale wa mitaa yenye neema kwa 6.9. Uingereza matokeo ya A-level yalitoka tarehe 13 Agosti, na karibu madaraja 39 katika kila 100 yalikuwa yameshushwa. Tena kulikuwa na kanuni kwamba darasa lenye watoto 5 au pungufu, daraja la mwalimu likubaliwe jinsi lilivyo, kwa kuwa kundi dogo halina historia ya kutosha kuhesabiwa. Sababu hiyo ni ya kweli katika hesabu. Lakini madarasa madogo yapo zaidi katika shule za kulipia, na shule hizo zikaongezewa madaraja ya juu kupita shule za serikali. Watoto wakatoka barabarani. Scotland serikali ikaifuta kanuni tarehe 11 Agosti, na Uingereza tarehe 17 Agosti, siku nne tu baada ya kutangaza. Watoto wakarudishiwa madaraja ya walimu wao.

Tusiwacheke wenzetu hao. Waliotengeneza kanuni ile hawakuwa wajinga, nao walikuwa na hofu ya kweli: walimu wakiachwa peke yao, kila mmoja atamsifu wake, na cheti kitapoteza thamani. Hofu hiyo ndiyo ile ile ya mkuu mkarimu na mkuu mkavu. Kosa lao lilikuwa katika kitu walichokilinganishia. New South Wales mtoto hulinganishwa na mtihani walioufanya yeye na wenziwe mwaka ule ule. Mwaka ule Uingereza mtoto alilinganishwa na watu waliomtangulia, ambao hakuwajua wala hakuketi nao. Wazee walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni njema kwa kuonya juu ya marafiki wabaya, lakini si kanuni ya kupimia mtihani.

Sasa tuje nyumbani, maana hata Tanzania tumekwisha kuonja jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtoto asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na tangu hapo kazi za shuleni zikaingizwa katika hesabu ya cheti. Nia ile ilikuwa njema, nasi twaiunga mkono. Lakini tukumbuke mtihani wa kidato cha 4 wa mwaka 2012. Matokeo yake yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, watahiniwa karibu 60 katika kila 100 walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ikaingiwa na simanzi. Waziri Mkuu akaunda tume ya kuchunguza, na ikaonekana kwamba, pamoja na shida nyingi za shule zenyewe, mwaka ule utaratibu wa kupanga madaraja na kulinganisha alama ulikuwa umebadilishwa, haukuwa ule uliotumika mwaka 2011. Mwezi wa Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo hayo, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa awali, na matokeo mapya yakatoka mwezi huo huo. Baadhi ya waliokuwa wameshindwa wakawa wamefaulu.

Tufikiri kwa makini maana ya jambo hilo. Karatasi za watoto zilikuwa zile zile. Majibu yalikuwa yale yale. Hakuna mtoto aliyerudi darasani kati ya Februari na Mei akajifunza kitu kipya. Kilichobadilika ni kanuni tu; na kwa kubadilika kwake, mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba hafai akaambiwa kwamba afaa. Miezi mitatu ile mtoto aliishi na neno “sifuri” juu ya kichwa chake, na jirani wakamtazama kwa neno hilo. Hatusemi kwamba kanuni ya kwanza ilikuwa mbaya au ya pili njema. Twasema kwamba mtoto hakuambiwa ni ipi kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Na mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2013, mtihani mwingine ukiwa karibu, ukatangazwa mgawanyo mpya: alama za shule zichukue 40 katika kila 100, na mtihani 60, pamoja na mipaka mipya ya madaraja. Mtoto aliyekwisha kumaliza kazi zake za shule akiwa na mgawanyo mwingine mawazoni, akajikuta apimwa kwa mizani asiyoijua.

Basi rai yetu ni hii, nayo twaitoa kwa heshima mbele ya wakubwa wa elimu, mbele ya walimu, na mbele ya wazazi wenzetu.

Kwanza, alama za shule zisiongezwe kamwe katika cheti pasipo kulinganishwa, maana hapo shule yenye mkono mwepesi itapata faida isiyo yake, na mwalimu mnyofu ataonekana adui wa watoto wake. Na zilinganishwe na mtihani walioufanya watoto wale wale, mwaka ule ule. Zisilinganishwe na sifa ya shule, wala na wilaya, wala na ndugu waliotangulia.

Pili, kanuni yenyewe iandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mfano wenye namba kama huu tulioutoa, ibandikwe shuleni na isomwe katika mkutano wa wazazi mtoto anapoanza kidato cha 3. Asidanganyike mtu kwamba hesabu hii yapita akili za wazazi. Mkulima ajuaye kugawa mavuno ya ushirika, na mama ajuaye zamu za upatu, hawezi kushindwa na wastani. Lililofichwa ndilo lishukiwalo.

Tatu, kanuni ikibadilishwa, mabadiliko yaanze kwa watoto waanzao masomo, yasiwapate walio mwishoni. Sisi watumishi, cheo kikiondolewa au kiwango cha mshahara kikigeuzwa, twataka tupewe taarifa kabla, nasi huona ni haki yetu. Haki tuitakayo kwa ajili yetu, tuwatakie na watoto.

Nne, mwalimu atunze daftari la alama kama mhasibu atunzavyo daftari la fedha: kazi ngapi, za tarehe gani, uzito gani, na nani alipata nini. Mtoto aonyeshwe nafasi yake, na awe na njia ya kuuliza ilivyopatikana pasipo kuitwa mkaidi. Hapa wenzetu walio katika kamati za shule wana kazi ya kufanya kesho asubuhi, maana haihitaji sheria mpya wala fedha. Na waulize kwa adabu. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani astahili msaada kabla ya lawama.

Ama kwa wazazi, tuna neno moja. Mtoto akileta karatasi ya shule yenye alama 90, tusifurahie namba hiyo peke yake. Tumwulize: wenzio walipata ngapi, nawe u wa ngapi? Na akileta alama 55 huku yeye ndiye wa kwanza katika darasa la mwalimu mkali, tusimpige wala tusimkemee, maana huenda ndiye aliye karibu zaidi na cheti chema. Namba bila mwenzake ni kama bei bila kipimo: waambiwa shilingi elfu moja, usiambiwe ni ya kibaba au ya gunia.

Twajua kwamba hakuna mizani iliyokamilika. Hata kanuni iliyo bora itamwacha mtoto mmoja mahali ambapo Mungu peke yake ajua hapakuwa pake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtoto aliyeshindwa na kanuni aliyoijua, na mtoto aliyeshindwa na kanuni aliyofichwa. Wa kwanza hurudi nyumbani ameumia, kesho yake akaanza kutafuta njia nyingine. Wa pili hurudi akiamini kwamba dunia yote ni hila, na imani hiyo akaichukua mpaka ofisini, mpaka shambani, mpaka siku atakapokuwa mkubwa na kuwapima wengine. Taifa haliwezi kujengwa na watu wa namna hiyo. Ndiyo maana tumesema hesabu hii, ijapokuwa yaonekana kavu, si ya waalimu na wasahihishaji tu. Ni yetu sote tulio na watoto shuleni.